Nina Instagram tayari, blogu ya nini tena?

*Swali: Habari kaka. Ninafungasha na kuuza asali hapa Tabora mjini. Nanunua masega kwa warina asali wa Sikonge na Urambo, nachuja mwenyewe, natuma mikoani kwa basi. Instagram nina wafuasi kama elfu nne, WhatsApp nina kundi, TikTok nimejaribu. Laiki zipo, ila oda zinasuasua, na wengi wanaouliza bei hawarudi. Kuna kijana anataka laki nane anitengenezee tovuti yenye blogu, halafu nimlipe kila mwezi asponse matangazo. Je, blogu bado ina kazi zama hizi? Na mimi siyo mwandishi, nitaandika nini? — Msomaji, Tabora*

Dada, salama. Nianze na hizo laki nane: usizitoe kwanza. Sisemi kijana ni tapeli, huenda kazi anaijua vizuri. Shida ni kwamba anakuuzia tovuti kabla ya mtu yeyote kujua itaandikwa nini ndani, na kinacholeta mteja ni hicho kilichoandikwa. Tovuti nyingi za biashara ndogo ninazozikuta zina kurasa tatu: Kuhusu Sisi, Huduma Zetu, Wasiliana Nasi. Zimekaa hivyo hivyo tangu siku zilipozinduliwa, na mwenye nayo analipa kila mwaka bila kujua analipia nini.

Blogu ina kazi, tena kwa biashara ya aina yako kuliko nyingi. Mtu anayepitisha kidole Instagram saa tatu usiku hakuja kutafuta asali. Amekuja kupumzisha akili. Anaiona chupa yako, inapendeza, anabonyeza moyo, anaendelea na ya mwingine. Hakukudanganya, saa ile hakuwa na shida ya asali. Sasa mchukue mwingine, yuko Mbagala au Dodoma, ameandika Google “asali iliyoganda imeharibika?” Huyo ana chupa jikoni na ana wasiwasi. Au ameandika “asali ya Tabora bei ya dumu”. Huyo ana pesa na anatafuta wa kumpa. Hawa wawili ndio unaowahitaji, na kwa sasa hawakuoni, kwa sababu hakuna mahali ulipoliandika jibu la swali lao likakaa.

Posti hupata macho ya siku mbili tatu kisha inazama. Ukurasa wenye jibu zuri huenda kinyume chake: mwanzoni hausomwi na mtu, baadaye Google inaanza kuuletea wasomaji mmoja mmoja, na unaweza kuwa bado unakuletea wateja miaka miwili baada ya wewe kusahau kwamba uliuandika.

Kuna pia suala la nani mwenye mali. Instagram na WhatsApp ni fremu za kupanga, na mwenye fremu akifunga huna la kumwambia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita. Kwetu ilikuwa kuanzia jioni hadi usiku wa manane umepita. Aliyekuwa anategemea hizo tatu peke yake hakuwa na pa kupokelea oda. Na saa sita ni kitu kidogo. Akaunti ikidukuliwa au ikifungiwa inaweza isirudi kabisa, na wafuasi wako elfu nne wanaondoka nayo.

Sasa hilo la “mimi siyo mwandishi”. Dada, wewe unaandika kila siku, unajibu wateja. Tatizo lako ni kwamba jibu unampa mtu mmoja kwenye WhatsApp, kesho unampa mwingine lile lile, na keshokutwa limepotea. Chukua simu, rudi nyuma kwenye mazungumzo ya miezi mitatu, usome maswali ya wateja tu. Yanakili kwenye daftari kwa maneno yao wenyewe, hata kama yana makosa, maana ndivyo na wengine wanavyoyaandika Google. Naamini utakuta haya au yanayofanana nayo: Mbona asali yangu imeganda, mmeweka sukari? Mbona ya safari hii ni nyeusi kuliko ya mwanzo? Inanukia moshi, ni kawaida? Ya nyuki wadogo mnayo, na kwa nini ni ghali hivyo? Naweza kumpa mtoto wa miezi minane? Kilo shilingi ngapi, na lita je? Kila swali hapo ni makala kamili, na hakuna mwandishi wa kulipwa Dar es Salaam anayeweza kuyajibu kama wewe unayeyashika masega kwa mikono yako.

Chukua hilo la kilo na lita, kwa kuwa nahisi ndilo linalokupotezea wateja kimyakimya. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4. Mteja analinganisha bei yako ya lita na bei ya kilo ya muuzaji mwingine, anakuona ghali, anaondoka bila kukuambia. Huenda ndio hao wanaouliza bei wasirudi. Makala yako inaweza kuanza hivi:

“Lita moja ya asali siyo kilo moja. Ukiiweka kwenye mzani ni kama kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo kilo moja ya asali ni kama mililita 700, chini kidogo ya robo tatu ya lita. Dumu la lita 20 likijaa lina kama kilo 28. Kabla hujalinganisha bei za wauzaji wawili, uliza kwanza: unauza kwa kilo au kwa lita?”

Chini yake weka picha ya chupa yako juu ya mzani, namba zionekane, kisha bei zako zote mbili, ya kilo na ya lita. Makala imekwisha. Haina neno hata moja la kujisifu, na bado aliyeisoma atakuamini kuliko anayeandika “asali original 100%” na alama tano za moto.

Na bei weka wazi, tafadhali. Hii tabia ya “bei njoo inboksi” inawafukuza watu wenye aibu, wenye haraka, na wale wanaotaka kupiga hesabu zao kabla ya kuongea na mtu. Kama bei inabadilika kwa msimu, andika tarehe uliyoiweka na useme itabadilika.

Ya kuganda nayo usiiache. Asali huganda kwa sababu glukosi iliyomo inajitenga na kuwa chembechembe, na penye baridi hutokea haraka zaidi, ndiyo maana mteja wa Njombe au Mbeya atalalamika kabla ya yule wa Dar. Haijaharibika. Chupa ikae kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, siyo yanayochemka, na yenyewe italainika taratibu. Jirekodi video fupi ukifanya hivyo. Video hiyo hiyo inakaa ndani ya makala, inapanda TikTok, inapanda Instagram, na mteja mwingine akilalamika unamtumia kiungo cha ukurasa badala ya kuanza kuandika upya. Kazi moja, matumizi manne.

Utashawishika pia kuandika njia za kutambua asali feki, kwa sababu kila mteja anaziuliza. Andika, lakini sema ukweli hata kama hauvutii. Kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, kuidondosha asali kwenye glasi ya maji, kuangalia kama sisimizi wanaikimbia: hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kitu. Asali halisi ikiwa na maji mengi kidogo, kama ya nyuki wadogo, inaweza kuzuia njiti isiwake, na sharubati nzito ya sukari huzama chini ya glasi vilevile. Vipimo vya kweli ni vya maabara. Unachoweza kuonyesha wewe ni njia ambayo asali yako imepita: imetoka kijiji gani, imerinwa mwezi gani, kwenye mizinga ya magome au ya kisasa, na wewe umeichujaje. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji kwenye asali ya kawaida yasizidi asilimia 20. Ukipata rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kupimia maji hayo, piga picha ya kipimo cha kila mzigo unaoingia. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kama unayo, ionekane. Kama bado, andaa njia ya kuipata kabla hujatumia hata shilingi moja kwenye matangazo, maana matangazo yatawaleta watu wanaouliza hicho hicho.

Hapa sasa naomba unisikilize vizuri. Usiandike kwamba asali inatibu kisukari, vidonda vya tumbo, presha au nguvu za kiume. Najua wenzako wanaandika, na najua posti hizo zinajaza watu. Asali kwa sehemu kubwa ni sukari. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa kwa sababu ya ukurasa wako, hakuna mauzo yanayolipa hilo. Google nayo huzipima kurasa za afya kwa ukali kuliko za kawaida, na matangazo ya kuahidi tiba hukataliwa. Badala yake andika lile ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na spora (mbegu) za bakteria anayeleta botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kumzuia. Mama akimkuta muuzaji wa asali anayemwambia “huyu usimpe, subiri atimize mwaka”, kwa mambo mengine yote atamwamini.

Mahali pa kuanzia ni bure, na siyo blogu. Kwanza jisajili kwenye Wasifu wa Biashara wa Google, ule ambao hadi 2021 uliitwa Google My Business. Ndio unaokuweka kwenye ramani na kuonyesha saa zako za kufungua, namba ya simu na picha. Fikiria wageni wanaokuja Tabora kikazi, siku ya kuondoka wanataka zawadi ya asali; wanaandika “asali Tabora mjini” na anayetokea ndiye anayewauzia. Google ikitaka kukuhakiki inaweza kukuomba video inayoonyesha mtaa, kibao cha duka na ndani ulivyopanga bidhaa, kwa hiyo hakikisha kibao kipo na jina linafanana na ulilojisajilia. Wateja walioridhika waombe waandike maoni. Usiwalipe na usiwape punguzo kwa ajili ya maoni, ni kinyume cha masharti na yanaweza kufutwa yote.

Kisha blogu. Blogger ni ya Google tangu 2003 na haina malipo. Ukitaka anwani yenye jina lako mwenyewe, linaloishia na .co.tz, unalilipia jina hilo peke yake kila mwaka na kuliunganisha na Blogger, hostingi, yaani nafasi ya kuhifadhia tovuti mtandaoni, hulipi. Haitakuwa na madoido ya tovuti ya laki nane, lakini inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, na unaweza kuiandikia kwa simu. Ifanye nyepesi. Picha iliyopigwa na simu ikiwa na megabaiti nne ipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kabla ya kuipandisha, kwa sababu msomaji wako analipia bando, na ukurasa ukichelewa kufunguka anarudi nyuma anabonyeza wa mwingine.

Jina hilo lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na nywila iwe mikononi mwako. Hili halina mjadala. Wapo wafanyabiashara waliokosana na fundi wao ndipo wakagundua kwamba jina la biashara waliyoihangaikia miaka kadhaa limesajiliwa kwa jina la fundi, na kulipata tena ni kumbembeleza au kumlipa. Siku ukifika wakati wa kumpa kijana kazi, hayo ndiyo ya kumuuliza kabla ya rangi na mapambo: jina litakuwa la nani, nywila anakaa nazo nani, kila mwaka nitalipa nini na kwa nani, na je, nitaweza kuongeza makala mwenyewe bila kukupigia?

Upande wa sheria ni mfupi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Blogu yako inaeleza bidhaa yako, haitangazi habari. Iandikie TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) barua pepe fupi ukieleza hivyo na kuuliza kama unahitaji leseni, upate jibu la maandishi na ulihifadhi.

Ukikaa kuandika, usiandike. Rekodi sauti. Jifanye mteja amekupigia na swali moja, umjibu kama unavyojibu siku zote, kisha usikilize na kuyahamishia maneno hayo kwenye ukurasa. Kichwa cha makala kiwe swali lenyewe kama mteja alivyoliuliza. Jibu lije kwenye aya ya kwanza, maelezo yafuate. Ukurasa mmoja, swali moja. Picha ziwe zako, hata kama mwanga hautoshi; ile chupa ya asali yenye kijiti cha mbao iliyochukuliwa mtandaoni iko kwenye kurasa za wauzaji chungu nzima na haimwambii mteja chochote kuhusu wewe. Vivyo hivyo usinakili makala za wengine wala kubandika yale yanayotungwa na programu kwa sekunde tatu. Mteja hawezi kutofautisha duka moja na jingine kwa maandishi hayo, na wewe unacho kitu ambacho mwingine hana: Sikonge unapafahamu kwa majina ya watu. Makala mbili kwa mwezi zinatosha. Mwishoni mwa kila moja weka kiungo cha WhatsApp, yaani wa.me/ ikifuatiwa na namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, ili akibonyeza aangukie moja kwa moja kwako.

Hilo kundi lako la WhatsApp, ningelivunja taratibu. Makundi ya biashara watu huyanyamazisha. Hamia kwenye WhatsApp Business kama bado hujahamia, ni bure, weka katalogi yenye bei, kisha tumia orodha ya matangazo (broadcast), ambayo unaandika ujumbe mmoja na kila mteja anaupata peke yake. Orodha moja inabeba hadi watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila unapomtumia mteja mzigo mwambie aihifadhi. Ujumbe mmoja kwa mwezi: makala mpya, na msimu ukianza, taarifa ya mzigo mpya. Mtu usimwingize bila kumuuliza, na namba zao usimpe yeyote, hata huyo kijana wa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na orodha ya namba za wateja wako ni taarifa binafsi.

Kusponsa kusubiri. Tangazo linaongeza nguvu kwa kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Ukisponsa posti ya chupa na neno “karibuni” utanunua laiki nyingine ambazo tayari unazo za kutosha. Ukishapata makala kama sita, utaona ipo moja inayoleta watu wanaouliza oda. Hiyo ndiyo ya kuwekea pesa, kiasi kidogo, kwa mji mmoja ambao basi linafika kila siku na wewe unajua gharama ya kutuma dumu, labda Dodoma kabla ya Dar. Akaunti ya matangazo iwe yako, umwongeze kijana kama msaidizi, ili uone mwenyewe kila shilingi imekwenda wapi.

Weka daftari kaunta. Kila oda, uliza: umetujuaje? Andika Google, Instagram, TikTok, ameelekezwa na mtu, na kiasi alichonunua. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuambia zaidi ya mtaalamu yeyote, mimi nikiwemo, na huenda likakuonyesha kwamba wanaoelekezwa na watu ndio wanaonunua madumu, jambo ambalo litabadilisha kabisa unakoweka nguvu zako.

Usitegemee kitu mwezi wa kwanza, wala wa pili. Wakati unasubiri, unganisha blogu na Search Console, chombo cha bure cha Google kinachokuonyesha watu waliandika maneno gani hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao. Kisome mara moja kwa mwezi. Ukiona ukurasa unatokea mara nyingi lakini haubonyezwi, badilisha kichwa chake ukiandike kwa maneno yale yale waliyoyatafuta. Na ukikuta maneno ambayo hukuyatarajia, tuseme “nta ya nyuki bei”, usiyapite. Nta unabaki nayo kila ukichuja masega. Watengeneza sabuni, mishumaa na mafuta ya kupaka wanaitafuta. Waandikie ukurasa wao, na bei yake.